Kiti cha Kulia: Ufundishe Kwanza au Ununue Kozi ya Jeti?

Swali hili huulizwa na kijana aliyemaliza chuo cha urubani, na nyuma yake huulizwa na mzazi aliyeuza kiwanja ili kijana amalize. Leseni ya urubani wa biashara, yaani ile inayomruhusu mtu kulipwa kwa kurusha ndege, imeshapatikana. Kwenye logibuku, daftari ambamo rubani huandika kila safari aliyoruka, kuna saa 200 au 250. Kazi haipo, kwa sababu mashirika yanataka saa nyingi zaidi, au yanataka mtu anayeijua jeti. Ndipo linapofika tangazo: wiki chache ndani ya simuleta ya Boeing au Airbus, cheti chenye picha ya jeti, na ahadi kwamba ukiwa nacho hutakuwa sawa na wenzako. Upande mwingine yupo mkuu wa chuo anayesema: baki hapa, chukua sifa ya ualimu, fundisha wanaokuja nyuma yako, tutakulipa kidogo. Pesa iliyobaki inatosha jambo moja tu. Lipi?

Jibu la sura hii ni kufundisha kwanza. Kozi ya jeti ina faida ya kweli, na tutaieleza bila kuipunja, lakini faida hiyo haikai sana, na wengi huinunua mapema mno. Hoja tutaijenga zaidi kwa mfano wa Marekani, maana huko njia zote mbili zimekomaa na sheria yenyewe imelazimisha watu kuzifikiria. Kisha tutaona kinachobadilika tukirudi uwanja wa Wilson jijini Nairobi, Dar es Salaam na Entebbe.

Tunazungumzia nini hasa

Mwalimu wa urubani ni rubani mwenye leseni ya biashara aliyeongeza sifa ya kufundisha. Marekani sifa hiyo haipatikani kwa kukaa tu chuoni. Anafanya mtihani wa nadharia ya ufundishaji, anathibitishwa kwamba anaweza kuiingiza ndege katika mzunguko wa kuanguka na kuitoa humo salama, kisha anakaa na mtahini na kumfundisha kana kwamba mtahini hajui kitu. Akifaulu anahamia kiti cha kulia, kwa kuwa cha kushoto ni cha mwanafunzi. Saa anazofundisha huingia kwenye logibuku yake kama saa za rubani mwenye dhamana, yule anayewajibika kwa ndege hata kama mikono iliyoshika usukani si yake.

Kozi ya jeti ni mafunzo mafupi ya kumzoesha mtu jeti kubwa kabla hajaajiriwa. Sehemu yake kubwa hufanyika kwenye simuleta, chumba kilichojengwa kama sehemu ya mbele ya ndege halisi, chenye saa, swichi na mandhari ya nje inayochorwa na kompyuta. Wanafunzi hukaa wawili wawili: mmoja anarusha, mwenzake anafuatilia, yaani anasoma orodha za ukaguzi, anazungumza na waongoza ndege na kuangalia kama anayerusha anafanya kilichokubaliwa. Baada ya muda wanabadilishana.

Kozi hii isichanganywe na kibali cha aina ya ndege. Kibali ni takwa la sheria: huwezi kurusha Boeing 737 mpaka uwe na kibali cha 737, na gharama yake ni makumi ya maelfu ya dola endapo hakuna shirika la kukulipia. Kozi ya jeti ni maandalizi. Marekani cheti chake hakina uzito wowote kisheria. Ulaya kidogo kuna tofauti, kwa kuwa mafunzo ya marubani wawili kushirikiana ni lazima kabla ya kibali cha kwanza cha ndege ya marubani wawili, na vyuo huyaunganisha na sehemu ya jeti. Ukitajiwa bei, uliza kwanza ni kipi kati ya hivi unachouziwa.

Buffalo, Februari 2009

Usiku wa tarehe 12 Februari 2009, ndege ya Colgan Air kutoka Newark ilikuwa inakaribia kutua Buffalo, jimbo la New York. Ilikuwa Dash 8 Q400, ndege ya mapanga mawili, aina ileile ambayo leo inabeba abiria wa Jambojet na wa Air Tanzania. Ndege haikuwa na kasoro. Magurudumu yakashushwa, zikafuata flapu, vile vipande vya nyuma ya bawa vinavyoteremshwa ili ndege iweze kwenda polepole bila kuanguka. Kasi ikaanza kushuka. Hakuna hata mmoja kati ya marubani wawili aliyeitaja.

Usukani ukaanza kutikisika wenyewe. Hilo ni onyo kwamba ndege inakaribia stoli, hali ambayo bawa limeinuliwa kupita kiasi kwa kasi iliyopo na hewa haishikamani nalo tena, kwa hiyo haliibebi ndege. Dawa ya stoli hufundishwa katika saa za mwanzo kabisa za urubani: sukuma usukani mbele, pua ishuke, ongeza nguvu ya injini. Rubani mkuu alivuta. Mtambo wa kinga ukasukuma usukani mbele wenyewe, naye akashindana nao akaendelea kuvuta. Rubani msaidizi akapandisha flapu bila kuagizwa, jambo ambalo lilizidi kulinyima bawa uwezo. Watu wote 49 waliokuwemo walikufa, na mmoja zaidi aliyekuwa nyumbani kwake chini.

Familia za marehemu zilipigania mabadiliko, Bunge la Marekani likatunga sheria mwaka 2010, na kuanzia 2013 rubani msaidizi wa shirika la abiria akalazimika kuwa na leseni ya juu kabisa, ile ya urubani wa mashirika, ambayo kwa kawaida huhitaji saa 1,500. Wapo wanaopunguziwa: waliotoka jeshini huruhusiwa kwa saa 750, wenye shahada ya urubani kutoka vyuo vilivyoidhinishwa kwa saa 1,000, wenye stashahada kwa saa 1,250. Kabla ya hapo mtu aliweza kuingia kiti cha rubani msaidizi na leseni ya biashara na saa 250 hivi. Ghafla pakawa na pengo la saa zaidi ya elfu moja kati ya chuo na kazi. Na njia ya kawaida ya kulivuka ikawa kufundisha, kwa sababu ya hesabu nyepesi tu: hata ukikadiria dola 150 kwa saa ya kukodi Cessna, saa 1,250 ni dola 187,500. Mwalimu analipwa kuzipata saa hizohizo. Akiwa na wanafunzi wa kutosha anaruka saa 60 hadi 80 kwa mwezi, na pengo lote linaisha kwa miezi 16 hadi 21.

Hapa mtetezi wa kozi ya jeti ana haki ya kunyosha mkono. Rubani mkuu wa ndege ile alikuwa na saa zaidi ya 3,000 na msaidizi wake zaidi ya 2,000. Usiku ule wote wawili walikuwa wameshavuka saa 1,500. Na msaidizi alikuwa amewahi kuwa mwalimu wa urubani. Chini ya miezi minne baadaye, tarehe 1 Juni 2009, Airbus A330 ya Air France iliyotoka Rio de Janeiro kwenda Paris iliingia baharini na watu 228, baada ya rubani aliyekuwa akiirusha, naye akiwa na karibu saa 3,000, kuvuta usukani nyuma karibu muda wote ndege ilipokuwa katika stoli. Kama saa nyingi haziokoi, na kama mwalimu naye anaweza kukosea pale, basi kwa nini tumwambie kijana akafundishe?

Pingamizi hili ni zito na halijibiwi kwa kuhesabu saa. Inabidi tuangalie saa hizo zimejazwa na nini.

Kinachoonekana kutoka kiti cha kulia

Chukua saa moja ya kawaida ya mwalimu. Mwanafunzi mwenye saa kumi na kitu anakuja kutua na Cessna 172, ndege ya injini moja na viti vinne. Kasi ni noti 65, noti moja ikiwa ni maili moja ya baharini kwa saa. Ndege inavuka mwanzo wa njia ya kutulia, mwanafunzi anaiona ardhi inamjia, anaogopa, anavuta usukani kwa nguvu. Ndege inainuka badala ya kukaa, inaelea futi kumi au kumi na tano juu ya lami, na kasi inaondoka. Mkono wa kulia wa mwalimu uko juu ya goti lake, miguu iko karibu na pedali bila kuzigusa. Ana sekunde mbili hivi. Akiwahi kuchukua ndege, mwanafunzi hatajifunza kurekebisha. Akichelewa, gurudumu la mbele litapiga lami na kuvunjika. Anaweza kusema neno moja, anaweza kuongeza nguvu kidogo, anaweza kutangaza kwamba ndege sasa ni yake. Anachagua, ndege inakaa, wanapaa tena. Saa hiyohiyo jambo hilo litatokea mara sita au saba, kila mara kwa namna yake, na kesho yupo mwanafunzi mwingine mwenye woga wa aina nyingine.

Huyu mwalimu hajifunzi kurusha ndege, hilo alishalijua. Anajifunza kuona kosa likiwa bado changa mikononi mwa mtu mwingine. Anajua uso wa mtu aliyeacha kuangalia kipima kasi. Anajua ukimya wa mtu aliyeelemewa, yule ambaye mnara unamwita mara mbili na hasikii. Sasa tazama kazi ya rubani wa shirika. Katika safari nyingi wawili hao hubadilishana, hii unarusha wewe, inayofuata anarusha mwenzako. Karibu nusu ya kazi yake yote, basi, ni kumfuatilia mtu mwingine akirusha. Kilichokosekana Buffalo kabla usukani haujatikisika ndicho hicho: jicho la mtu wa pili kwenye kasi.

Stoli nayo ni mkate wa kila siku wa mwalimu. Mwanafunzi wa ndege ndogo hufanyishwa stoli ndege ikiwa imenyooka, ikiwa inakata kona, ikiwa na flapu na bila flapu, na mwalimu huwa yupo kwa zote. Yule anayefika kwenye jeti baada ya kufundisha miezi kumi na minane ameisukuma pua chini, yeye au mwanafunzi wake, mara nyingi kuliko anavyoweza kukumbuka.

Je, upo ushahidi nje ya mantiki? Upo kiasi. Watafiti wa vyuo vikuu vya urubani vya Marekani walifuatilia marubani zaidi ya 2,000 walioajiriwa na mashirika madogo ya mikoani kati ya 2005 na 2009, kabla sheria haijabadilika, wakati wenye saa chache na wenye saa nyingi walikaa darasa moja. Waliofanya vizuri zaidi katika mafunzo ya kuajiriwa, yaani waliohitaji marudio machache, walikuwa pamoja na wale wenye sifa ya ualimu, wahitimu wa vyuo vyenye ithibati, na wale walioingia na saa kati ya 500 na 1,000. Wenye saa nyingi kupindukia hawakuwa bora kwa sababu ya saa. Ushahidi huu usivutwe kupita urefu wake: inawezekana mtu anayehangaika kupata sifa ya ualimu ni mtu wa bidii tangu mwanzo, na bidii ndiyo iliyompitisha. Lakini unaelekea upande mmoja na kile tunachokiona kwenye kiti cha kulia, na hauungi mkono wazo kwamba saa za ndege ndogo ni za bure.

Sasa yule msaidizi wa Buffalo. Ualimu humpa mtu jicho. Ulimi wa kumkosoa aliyekuzidi cheo ni kitu kingine. Kwenye Cessna mwalimu ndiye mkubwa. Anamfuatilia mtu aliye chini yake na akisema, anasikilizwa. Kwenye jeti anarudi kuwa mdogo, na anayemfuatilia ni mtu mwenye miaka ishirini kazini. Zaidi ya hapo, ndege ndogo haina mgawanyo wa kazi: hakuna ratiba ya nani aguse flapu na kwa agizo la nani. Haya hayafundishiki katika Cessna hata ukikaa humo miaka kumi. Hapa ndipo simuleta inapostahili heshima yake.

Kwa ufupi: saa ni kopo tu, cha muhimu ni kilichomo. Ualimu hujaza jicho la kufuatilia, uamuzi wa haraka na stoli zisizo na idadi. Haujazi nidhamu ya marubani wawili.

Kile ambacho Cessna haiwezi kufundisha

Cessna 172 iliyojaa ina uzito wa tani moja na kidogo. Boeing 737-800 inatua ikiwa na tani zaidi ya 60 na kasi ya noti 140 hivi. Ukipiga hesabu ya nguvu ya mwendo, uzito mara kasi mara kasi, jeti hiyo ina zaidi ya mara 200 ya ile ya Cessna. Nguvu hiyo haiondoki kwa kutamani. Rubani aliye futi 35,000 anaanza kufikiria kushuka akiwa maili za baharini zaidi ya mia moja kabla ya uwanja, kwa kanuni ya kukisia ya maili tatu kwa kila futi elfu. Akichelewa, atafika juu mno na kwa kasi mno, na jeti ni laini, haipendi kushuka na kupunguza kasi kwa wakati mmoja. Injini nazo hazijibu papo hapo: ukizirudisha chini kabisa kisha ukataka nguvu, sekunde kadhaa hupita. Ndiyo maana mashirika huweka kimo, mara nyingi futi 1,000 juu ya uwanja, ambapo kila kitu lazima kiwe kimetulia: kasi, flapu, magurudumu, njia. La sivyo, unapaa tena na kuanza upya, bila mjadala.

Kozi nzuri ya jeti humfundisha kijana haya, na humfundisha maneno. Kila hatua ina tamko lake na jibu lake. Injini ikizimika wakati wa kupaa, hakuna anayerukia swichi. Anayerusha anashika njia, anayefuatilia anataja alichokiona, wanafika kimo salama ndipo wanafungua orodha. Humo kijana hujifunza pia kusema “kasi” kwa sauti, kwa mtu yeyote aliye kushoto kwake, kwa sababu utaratibu umemwamuru na si ujuvi wake.

Tatizo ni kwamba ujuzi wa aina hii huchakaa haraka usipotumika. Matamko, mpangilio wa swichi, mkono unaojua kitufe kiko wapi: hivi huisha ndani ya miezi. Sheria zenyewe zinalijua hilo. Ulaya kibali cha aina ya ndege hudumu mwaka mmoja tu bila kupimwa tena. Marekani rubani ambaye hajapaa na kutua mara tatu ndani ya siku 90 haruhusiwi kubeba abiria, hata akiwa na uzoefu wa miaka. Kijana aliyenunua kozi ya jeti akiwa na saa 250, kisha akakaa miaka miwili bila kuigusa jeti, ataingia kwenye usaili na cheti kizuri na mikono iliyosahau.

Kuna jambo jingine ambalo wauza kozi hawalitangazi. Tangu 2014 Marekani inamtaka kila anayetafuta leseni ya urubani wa mashirika apitie kwanza kozi yenye saa 30 za darasani na 10 za simuleta, kuhusu ndege kubwa, miinuko ya juu, stoli na kazi ya marubani wawili. Mashirika mengi ya mikoani huwalipia waajiriwa wapya kozi hiyo, kisha huwapa mafunzo ya kibali juu yake. Jeti, kwa maneno mengine, inakuja mwishoni mwa njia na mara nyingi kwa mfuko wa mwajiri. Kuinunua mwanzoni ni kulipia mara mbili.

“Lakini Ulaya wanaingia na saa 200”

Ndiyo, wanaingia. Kijana wa Ulaya anaweza kukaa kiti cha kulia cha Airbus A320 akiwa na saa 200 hivi, na abiria wanafika salama kila siku. Tangu 2006 Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga limetambua hata leseni maalumu ya urubani wa ndege za marubani wawili, yenye saa 240 kwa jumla, nyingi zikiwa za simuleta. Anayesema kwamba mtu hawezi kuwa rubani msaidizi mzuri bila kufundisha atakuwa anakanusha kitu kinachofanyika mbele ya macho yake.

Ila tazama nani anaingia na namna gani. Anayefanikiwa kwa njia hii kwa kawaida ameteuliwa kwa mitihani mikali, amefundishwa kwa taratibu za shirika linalomtaka, na anatoka simuleta kwenda moja kwa moja kwenye kibali, kisha kwenye safari za abiria akiwa na rubani mkuu ambaye ni mkufunzi. Hakuna mwezi wa kusahau katikati. Huo mnyororo mzima ndio unaofanya kazi. Kozi ya jeti inayouzwa peke yake ni pete moja iliyokatwa. Kama una barua ya shirika mkononi, njia ya Ulaya ni halali na ni ya haraka, ichukue. Kama huna barua, umenunua pete.

Pingamizi la pesa ni fupi na jibu lake ni fupi. Katika mashirika ya Marekani kila kitu hufuata tarehe ya kuajiriwa: kituo, njia, likizo, zamu ya kuwa rubani mkuu. Marubani wa mashirika hustaafu wakiwa na miaka 65, kwa hiyo mwaka unaouchelewesha mwanzoni unakatwa mwishoni, kwenye mshahara mnono. Ni kweli. Lakini kozi ya jeti haiharakishi tarehe hiyo pale ambapo mlango ni saa 1,500, maana simuleta huhesabika humo kwa sehemu ndogo tu. Mwalimu ndiye anayefika mapema.

Pingamizi linalouma zaidi linawahusu wanafunzi. Wengi hufundisha kwa ajili ya saa tu, jicho likiwa kwenye logibuku, na siku wanapofikisha saa 1,500 wanaondoka wakimwacha mwanafunzi katikati ya masomo. Lipo, na ni aibu ya mfumo. Mwalimu wa namna hiyo humwibia mwanafunzi na hujiibia mwenyewe, kwa kuwa anayekaa kiti cha kulia akiangalia nje hapati lile jicho tulilolieleza. Hatoki na kitu zaidi ya saa. Hoja ya sura hii inasimama kwa anayefundisha kweli: anayeandaa somo, anayechukua wanafunzi wa kuruka ndani ya mawingu na wa injini mbili anapoweza, anayekaa chini baada ya kutua kueleza nini kilitokea.

Tukirudi nyumbani

Kenya, Tanzania na Uganda sheria ya saa 1,500 kwa rubani msaidizi haipo kwa namna ile ya Marekani. Kwa viwango vya kimataifa leseni ya biashara yenyewe hupatikana kwa saa 200, au 150 katika kozi iliyoidhinishwa, na saa 1,500 ni za leseni ya juu. Kikwazo ni soko. Kazi ya kwanza kwa wengi ni Cessna Caravan, ndege ya injini moja ya tabo inayopeleka watalii Mara, Serengeti na Zanzibar, na kampuni na bima zao huangalia saa, hasa saa za rubani mwenye dhamana. Saa za namna hiyo mwalimu anazo. Mwenye cheti cha simuleta hana. Baada ya Caravan huja ATR za Precision Air, Dash 8, CRJ900 za Uganda Airlines, Embraer na Boeing za Kenya Airways. Ngazi ina vidato, na cha kwanza si jeti.

Shida ya kweli hapa ni nafasi za kufundisha. Vyuo vimejikusanya Wilson na viwanja vichache vingine. Chuo cha urubani cha Soroti, Uganda, kilianzishwa 1971 kuhudumia Afrika Mashariki nzima, na hilo lenyewe linaonyesha vyuo vilivyo haba. Kijana anaweza kutaka kufundisha akakosa wa kumfundisha. Hata hivyo jibu halihamii kwenye kozi ya jeti. Linahamia kwenye kazi yoyote inayompa saa za ndege halisi: kukaa kiti cha kulia cha Caravan, kubeba mizigo, kupiga picha za ardhi kutoka angani.

Anayekwenda kusoma Marekani akipanga kufundisha huko aangalie viza kabla ya ada. Mwenye viza ya F-1 akihitimu anaweza kuomba ruhusa ya kufanya kazi ya fani yake hadi miezi 12. Mwenye M-1, ambayo wanafunzi wa vyuo vingi vya urubani hupewa, hupata mwezi mmoja wa mazoezi kwa kila miezi minne aliyosoma, na jumla haizidi sita. Tofauti ya nusu mwaka wa kufundisha ni saa 400 hivi. Akirudi, leseni ya Marekani lazima ibadilishwe kwa mamlaka ya usafiri wa anga ya nchi yake, kama KCAA ya Kenya au TCAA ya Tanzania, kwa mitihani na ada zake, nayo iwekwe kwenye bajeti.

Kozi ya jeti ichukuliwe lini

Wakati wake ni pale tarehe inapojulikana: umeitwa usaili, au umeahidiwa mafunzo ya kibali, na yamebaki majuma machache. Hapo kozi fupi ina thamani kubwa kuliko bei yake, kwa kuwa utaitumia kabla haijachakaa. Kabla ya kulipa, muulize muuzaji:

– Simuleta ni ya aina gani, na nchi ninayotaka kufanyia kazi inaitambua?
– Je, ninapata sifa inayotambulika kisheria, au cheti cha kuhudhuria tu?
– Nitakaa na nani? Mwenzangu akikosekana, nani atajaza kiti chake?
– Taratibu na matamko ni ya shirika gani? Yanafanana na ya shirika ninalolilenga?
– Saa ngapi ninarusha mimi, na saa ngapi ninafuatilia?

Swali la mwisho ndilo linalowachanganya wauzaji wengi. Tangazo husema saa 20, kumbe kumi tu utakuwa umeshika usukani. Hilo si wizi, ndivyo kazi ilivyo, mradi hizo kumi nyingine mkufunzi azipime kwa ukali uleule. Katika usaili wa simuleta, wapimaji wanajua kwamba hujawahi kurusha jeti yao. Wanaangalia kama unatulia ukikosea, kama unasema unachokiona, na kama mwenzako akikuambia kasi imepungua unaongeza nguvu kwanza ndipo umjibu. Kozi ikikupa mazoezi ya hilo kwa siku nne mfululizo wiki moja kabla ya usaili, lipa. Kama ratiba yao ya karibu ni miezi minane kabla, rudi Jumatatu kwa mwanafunzi wako.